Nani Kasema Wimbo Upelekwe Mbele?

"Peleka mbele! Peleka mbele, bwana!"

Ndugu msomaji, kama umewahi kukaa kwenye benchi la kibanda cha video, kelele hizo unazijua. Filamu ya Kihindi imefika patamu, kijana amemwona binti, mvua imeshaanza, ngoma inalia, na hapohapo vijana wa benchi la nyuma wanapiga miluzi wakimwamrisha mwenye rimoti auruke wimbo. Naye mwenye rimoti, kwa kuogopa watu wasije wakadai hela zao, anauruka. Picha zinakimbia kimyakimya kama watu waliopandwa na mashetani: mikono juu, mikono chini, nguo ya njano, nguo nyekundu, nguo nyeusi. Kisha maneno yanaanza tena na watu wanatulia, eti sasa tumerudi kwenye mambo ya maana.

Mimi nasema hawajarudi kwenye mambo ya maana. Wameyaruka. Na shahidi wangu ni filamu moja na kanda yake moja ya muziki, Dil Se, iliyotoka mwaka 1998, mimi nikiwa hata sijazaliwa.

Mtaniuliza nyimbo za Kihindi zinahusu nini kwenye gazeti la waandishi. Subirini. Ningekuwa na ugomvi na watu wa kibandani peke yao ningeumaliza hukohuko Ngamiani, maana wananijua, na jina la "Mhindi" wao ndio walionibandika. Lakini ile "peleka mbele" imenifuata mpaka ndani ya mswada wangu wa riwaya. Imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu, na aliyeiandika ni mtu anayehesabiwa kuwa anajua. Nitamfikia.

Kanda yenyewe ilikuwa ya mama yangu mdogo. Si ya dukani, ni ya kunakiliwa, na juu yake kaandika kwa peni: ZA KIHINDI, USIFUTE. Niliikuta ndani ya sanduku pamoja na redio kaseti ambayo mlango wake ulikuwa unafungwa kwa mpira. Nilikuwa darasa la sita. Nilipokuja kuiona filamu, miaka mingi baadaye, nyimbo nilikuwa nazijua zote kwa moyo bila kujua zinasema nini, na kichwani nilishazitungia hadithi yangu mwenyewe. Nilikosea karibu kila kitu. Jambo moja tu nilipatia: kwamba wale wanaoimba si watu wa mahali pamoja.

Sasa wale wanaosema "nyimbo za Kihindi zote ni moja, kulialia tu" naomba wakae chini nao wasikilize kanda hii mwanzo mpaka mwisho, nyimbo sita, hazimalizi hata saa. Aliyetunga muziki ni A. R. Rahman wa Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai. Huyu baba yake, naye mwanamuziki, alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na kijana akaanza mapema kupiga kinanda kwa kuajiriwa, akatunga miziki ya matangazo ya biashara, mpaka mwaka 1992 mwongozaji Mani Ratnam alipompa filamu yake ya kwanza, Roja. Maneno ya Dil Se yametungwa na Gulzar, mzaliwa wa Dina, mahali ambapo sasa ni Pakistan, ambaye kabla ya kujulikana alifanya kazi kwenye gereji ya magari Bombay. Nimeyataja haya makusudi. Fundi gereji aliyetoka upande mmoja wa nchi iliyogawanywa, na yatima wa Madras ambaye Kihindi si lugha yake ya nyumbani, wamekaa pamoja kutunga nyimbo za filamu ya Kihindi. Mlitegemea watoe sauti moja?

Hadithi ni hii, kwa ufupi. Amar, mtangazaji wa redio ya taifa, anaigiza Shah Rukh Khan, anakutana na mwanamke kituo cha treni usiku, upepo na mvua. Mwanamke huyo, Meghna, anaigiza Manisha Koirala, hataki kusema jina lake wala kwao. Amar anamfuata kama mwehu. Kumbe mwanamke yumo katika kundi la wapiganaji na ametumwa Delhi kujilipua siku ya sherehe za Jamhuri. Na wakati huohuo nyumbani Delhi wazee wameshamtafutia Amar mchumba, Preeti, msichana mcheshi ambaye ukoo wake unatoka Kerala, kusini kabisa.

Basi anza na huyo Preeti, maana wimbo wake, Jiya Jale, ndio ulionifanya nishike kalamu. Anayeimba ni Lata Mangeshkar. Mama huyo alizaliwa 1929, piga hesabu, wakati huo anaelekea miaka sabini, na anaimba ndoto za usiku za binti anayesubiri ndoa, nawe unaamini! Ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuimba wimbo wa Rahman. Sauti yake inakwenda taratibu, laini, Kihindi safi. Halafu ghafla, bila hodi, kundi la wanaume linaingia kwa lugha nyingine kabisa, midundo imebadilika, ulimi unakimbia kama mvua kwenye bati. Nikiwa darasa la sita nilidhani mama mdogo amekosea kunakili, ametia wimbo juu ya wimbo. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Hapana. Ndivyo ulivyo.

Lugha ile ni Kimalayalam, lugha ya Kerala, kwao Preeti. Anayeongoza kundi lile ni M. G. Sreekumar. Sasa fikiri: wasikilizaji wengi kaskazini mwa India hawakijui Kimalayalam, kama vile wewe wa Tanga usivyokijua Kinyakyusa. Wenye filamu walijua hivyo. Hawakutafsiri, hawakuomba radhi, hawakumtafuta mtu wa kueleza. Na filamu ilipotolewa kwa Kitamil, kwa jina la Uyire, maneno ya Lata yalibadilishwa yakawa ya Kitamil yakaimbwa na mwanamke mwingine, lakini Kimalayalam kile kikaachwa palepale. Kwa nini? Kwa sababu msichana anapoota ndoa yake, wanaomwimbia ndotoni ni watu wa kwao. Angeota wajomba zake wanaimba Kihindi sanifu, ingekuwa si ndoto yake, ingekuwa taarifa ya habari.

Sikuelewa neno hata moja la wale wanaume. Mpaka leo sielewi. Lakini niliyajua yale mambo, maana niliwahi kuyasikia Muheza kwa bibi yangu.

Bibi alikuwa akitusimulia ngano kwa Kiswahili, kwa sababu sisi wajukuu wa mjini tulikuwa hatukijui Kibondei. Ila hadithi ikifika pagumu, mtoto amepotea porini au ndege anataka kusema siri, bibi anasimama kusimulia anaimba. Na nyimbo zake zilikuwa za Kibondei. Hakuzigeuza hata siku moja. Sisi tulikuwa tunaitikia tu maneno tusiyoyajua, macho yametutoka, tukijua kabisa kwamba hapo ndipo penyewe. Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia bibi "peleka mbele". Angelala na njaa.

Nende kwenye wimbo ambao kibandani wanaupenda kidogo, ule wa treni, Chaiyya Chaiyya. Huo hata mwenye rimoti huuachia, kwa sababu ya kina Malaika Arora wanaocheza juu ya mabehewa. Treni ile ni ya kweli, reli ya milima ya Nilgiri kusini mwa India, na watu wamepanda juu ya paa kweli, si picha za kubandika. Ila wengi wanaoucheza harusini hawajui kwamba chimbuko lake ni wimbo wa Bulleh Shah, mshairi wa Kisufi wa Punjab wa karne ya 18. Sukhwinder Singh, kijana wa Kipunjabi, ndiye aliyemletea Rahman wimbo ule, na Gulzar akautungia maneno mapya yanayozunguka neno la kivuli, kutembea ndani ya kivuli cha mapenzi. Ni kama mtu wa kwetu achukue kaswida ya ziara aifanye wimbo wa basi la Tanga kwenda Dar, na kaswida isiharibike, na basi lisisimame. Wimbo huo ulishika nafasi ya tisa mwaka 2002 wasikilizaji wa BBC walipopiga kura ya nyimbo wazipendazo duniani, na mwaka 2006 Mmarekani Spike Lee akaufungulia filamu yake ya wizi wa benki, Inside Man. Sukhwinder mwenyewe alipata tuzo ya Filmfare kwa kuuimba, Gulzar akapata kwa maneno, na Rahman kwa muziki wa kanda nzima.

Hapa rafiki yangu mmoja hunikamata, naye ana haki. Anasema: "We Mhindi, huyo mwanamke wa juu ya treni ni nani? Amar kamwona Meghna dakika chache tu kituoni, mara anacheza na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo hatumwoni tena mpaka filamu inaisha. Hiyo ndiyo hadithi?" Nakiri, pale kuna ufa. Mimi humjibu kwamba aliyepigwa na mapenzi usiku wa mvua asubuhi huona kila mtu anacheza, lakini jibu hilo hata mimi silali nalo vizuri. Na wimbo mwingine, Thayya Thayya, ambao ni ndugu wa ule wa treni aliyevalishwa nguo nyingine, mimi ningeuacha. Si kila kitu cha kanda hii ni dhahabu. Filamu yenyewe haikufanya vizuri India ilipotoka, ingawa Uingereza iliingia kwenye kumi bora, filamu ya kwanza ya Kihindi kufika huko.

Lakini sasa njooni kwenye Satrangi Re, tuone nani ana haki.

Jina lenyewe lisikilize. Satrangi, yaani yenye rangi saba. Rangi! Neno letu kabisa. Hili la maneno lilinipata utotoni kabla sijajua lolote: nilikuwa nasikiliza lugha ya kigeni na mara kwa mara neno linanipungia mkono kama jirani. Ai Ajnabi, wimbo ambao Udit Narayan anaimba kwa upole wa mtu anayemwita asiyemjua jina: ajnabi ni huyuhuyu ajinabi wetu, mgeni. Kwenye wimbo wa treni utasikia jannat, utasikia aya. Si ajabu wala si uchawi. Kiurdu kilichota Kiarabu na Kiajemi, sisi tulichota hukohuko kwa njia ya bahari, tukakutana kisimani. Ndiyo maana mababu zetu wa taarabu hawakuona haya kuvalisha mashairi ya Kiswahili mahadhi ya filamu za Kihindi, na Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alijijengea jina lake lote kwa mtindo huo. Wapo waliomwita mwigaji. Waliomwita hivyo siwakumbuki majina.

Satrangi Re wanaimba Sonu Nigam na Kavita Krishnamurthy, na umejengwa juu ya ngazi saba za mapenzi kama zinavyosimuliwa katika ushairi wa Kiarabu na Kiurdu. Kwanza mvuto. Halafu mazoea. Halafu mohabbat, ambayo sisi tunaiita mahaba. Halafu aqidat, unamtukuza mtu mpaka anakuwa itikadi yako. Halafu ibadat, na hapa sina haja ya kutafsiri. Halafu junoon, wazimu, ndiko alikotoka majununi. Ya saba ni maut. Mauti. Kwenye picha nguo zinabadilika, wanacheza katika nchi kame ya milima ya Ladakh, wanafungwa na mitandio, wanavutana, na mwisho wa wimbo Amar amelala mapajani kwa Meghna kama maiti.

Sasa nieleze yaliyotokea kibandani kwetu. Siku filamu hii ilipowekwa, wimbo huu uliruka. Tuliona nguo tu zikikimbia. Filamu ikaenda, ikafika mwisho wake: Amar anamkumbatia Meghna aliyevaa mabomu, hataki kumwachia, na wote wawili wanalipuka. Taa ikawashwa. Benchi lote la nyuma likaanza kulalamika: "Aa, wamekufa ghafla tu! Hii filamu imekatwa!" Wallahi nilicheka mpaka nikafukuzwa. Filamu ilikuwa imekatwa kweli, na waliokata ni wao. Mwandishi wa hadithi alishawaambia, kwa ngazi saba zilizopangwa moja baada ya moja, huyu kijana anakokwenda. Hakuwaambia kwa maneno ya mazungumzo kwa sababu hakuna mtu anayesema kwa mazungumzo "mimi nitapenda mpaka nife" ukamwamini. Wimbo unaruhusiwa kusema hivyo.

Na ule wa kubeba jina la filamu, Dil Se Re, kutoka moyoni, Rahman ameuimba mwenyewe, kwa sauti isiyo ya mwimbaji mzoefu wa filamu, sauti inayokwaruza kidogo inapopanda juu. Angeweza kumpa fundi yeyote. Nadhani alitaka pawe na mtu mmoja ndani ya kanda ile asiyeimba vizuri kupita kiasi.

Kwa hiyo nasema: wingi wa sauti kwenye kanda hii si ovyo wala si mapambo ya kuuzia tiketi. Treni ina sauti yake, bibi harusi wa Kerala ana sauti yake, mtangazaji anayemtafuta ajinabi ana yake. Nyimbo ni tofauti kwa sababu watu ni tofauti. Anayetaka zifanane anataka watu wafanane.

Na hapo ndipo namfikia yule bwana wa kalamu nyekundu. Simtaji, wala ofisi yake siitaji. Mswada wangu alikaa nao miezi minane. Ni riwaya ya msichana anayetoka Muheza kuja mjini kufanya kazi za ndani. Ndani yake kuna makonda wanaopiga kelele za stendi kwa lugha ya stendi, kuna redio ya tajiri wake inayosema wakati wote, kuna barua, na kuna bibi wa msichana, ambaye anaongea Kibondei kila anapokasirika na kila anapoimba. Uliporudi ulikuwa na maneno haya: sauti ni nyingi mno, chagua moja. Yanayosemwa na bibi yawekwe katika Kiswahili sanifu au yaondolewe. Nyimbo zirukwe, zinachelewesha hadithi.

Zirukwe! Neno lilelile la benchi la nyuma, tofauti ni kwamba huyu amevaa miwani.

Nataka nimuulize jambo moja kwa heshima, maana ni mtu mzima na namwamkia shikamoo tukionana. Shaaban Robert, ambaye ni mtu wa hukuhuku Tanga, anapoandika maisha yake akafika kwenye kifo cha mkewe, haendelei na nathari kama mtu anayeandika barua ya kikazi. Anasimama, anaweka shairi, "Amina". Je, hilo nalo alipeleke mbele? Linachelewesha hadithi, si uongo. Mke amekufa, mtu anachelewa.

Wenzangu mnaoandika, najua wengi wenu mmeambiwa kama nilivyoambiwa, na najua wapo waliofuta. Mmoja wetu, kijana mwenye kipaji kunishinda, alifuta Kihaya chote cha baba yake kwenye hadithi nzuri kabisa, ikachapwa, na alipoisoma imechapwa akaniambia baba yake ndani ya ile hadithi anaongea kama mwalimu wa zamu. Tulicheka siku hiyo. Baadaye hakuandika tena juu ya baba yake.

Mimi usiku ule niliporudishiwa mswada nilishika kalamu nikaanza kukata. Nakiri. Nilikata wimbo wa kwanza wa bibi, nikakata wa pili. Kanda ya mama mdogo siku hizi haichezi tena, utepe umeliwa, lakini nyimbo zote sita ninazo kwenye simu, na zilikuwa zinalia pembeni. Jiya Jale ikafika pale wanaume wa Kerala wanapoingia bila hodi. Nikaweka kalamu chini.

Juzi nimemfuata bibi Muheza nikakaa naye siku tatu. Sasa ni mzee, anasahau, wimbo wa ndege anaukumbuka nusu na nusu nyingine anaibuni, nami nimeandika zote mbili. Mswada nimeurudisha ofisini kwa yule bwana Jumatatu, kwa mkono wangu. Sauti sikupunguza hata moja. Kurasa za bibi zilikuwa kumi na moja, sasa ni kumi na nne.